Mtu wa Sayansi Kwenye Foleni ya Sukari

Jumatatu, 9 Julai 1984. Musoma.

Nimechukua likizo ya wiki tatu. Sababu niliyoandika ofisini: harusi ya binti. Sababu yenyewe hasa: sukari. Getruda anaolewa Jumamosi ya tarehe 28 na Silasi, mwalimu wa Butiama, na mke wangu Tereza amesema hawezi kuwapa wakwe chai ya chumvi. Wakwe wa Butiama hawasahau kitu. Kazi yangu ni kupanga foleni kwenye duka la ushirika mpaka ipatikane ya kutosha.

Leo nilikuwa mtu wa tisini na kitu. Nyuma yangu akaja Skolastika, mjane wa Nyegina anayeuza furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha. Nilijisikia vizuri kuwa na mtu nyuma. Mara akaanza kuhadithia. Kuna mama alikufa, kisha akawa anarudi kila alasiri kutafuta mfuniko wa chungu chake. Watu wa mbele yangu wakamwita asogee, hawasikii vizuri. Akasogea. Wa mbele yao nao wakamwita. Kufikia saa nne alikuwa dirishani. Muuzaji alimpimia huku akiuliza, halafu ikawaje. Akaondoka na kilo mbili. Mimi sukari iliisha kukiwa bado na watu thelathini mbele yangu.

Nina cheti cha ukarani. Nimesoma majarida mawili ya sayansi, jalada hadi jalada. Nimepitwa na mfuniko wa chungu.

Jumanne, 10 Julai.

Sikwenda foleni. Nimefanya utafiti, mezani, kwa kalamu. Kwa nini watu wanapenda hadithi za marehemu na maajabu? Jibu: kwa sababu hawajasoma. Kwa hiyo wakipewa ajabu lenye elimu ndani yake watalipenda mara mbili. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuliona hili.

Mchana nikatunga. Chombo kutoka nyota ya mbali kinatua juu ya mawe makubwa ya ziwani, hapa hapa Musoma. Nimeeleza injini yake kurasa nne. Nilimsomea Tereza akiwa anachambua mchele. Alipomaliza mchele aliondoka. Nilikuwa bado kwenye pampu ya pili.

Jumatano, 11 Julai.

Nimehadithia foleni nzima. Matokeo mabaya, na kosa si la hadithi.

Nilianza na injini. Hawakusikiliza. Nikaruka kurasa tatu, nikawatoa wale wageni nje ya chombo. Hapo walinyamaza kidogo. Mzee mmoja mwenye kofia akauliza, hao huko kwao wanakula nini. Nikamweleza kisayansi: chakula chao ni kidonge kimoja, asubuhi, kinatosha siku nzima. Akauliza kidonge wanakipataje. Nikasema kinagawiwa na serikali yao kwa utaratibu.

Yule mzee akageukia wenzake. "Hao nao wana mgao," akasema.

Ikawa mwisho. Hakuna aliyetaka kusikia zaidi. Mama mmoja alisema ametoka nyumbani kwake kwenye mgao, amesimama hapa kwa ajili ya mgao, na mimi nampandisha hadi kwenye nyota akakute mgao. Nilimwambia sayansi haichagui. Sukari iliisha.

Alhamisi, 12 Julai.

Mbinu mpya. Nimewahi mapema, kabla Skolastika hajafika, nikahadithia hadithi yake. Nilikuwa nimeikariri. Ilienda vizuri kabisa, nikasogezwa watu ishirini mbele. Nikaona watu wangefaidika zaidi wakijua ukweli, nikamalizia kwa kueleza kwamba hapakuwa na marehemu yeyote. Ulikuwa upepo ukigonga mfuniko.

Nikarudishwa nyuma. Si kwa maneno. Walinisukuma kwa mabega tu, mmoja mmoja, mpaka nikajikuta nilipoanzia.

Susana, fundi cherehani anayekaa karibu na soko, alikuwa anafuta macho. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema mama yake alifariki huko kisiwani yeye akiwa Bunda, ziwa likachafuka, hakuwahi mazishi. "Nikisikia ya mtu aliyerudi nakaa nasikiliza," akasema. "Hata kama karudi kwa ajili ya mfuniko. Wewe umemgeuza upepo."

Susana ni mtu wa machozi. Hakuna cha kitafiti hapo.

Jumamosi, 14 Julai. Bunda.

Nimekuja na basi la asubuhi. Binamu yangu Pastory analima pamba, na ameandika kwamba anayepima pamba wiki hii anapewa na kibali cha sukari. Mpango: nimsaidie kubeba magunia, yeye anigawie kibali. Na kwa kuwa wakulima wanasubiri mizani siku nzima, niwape hadithi ya chombo. Watu wapya, masikio mapya.

Mizani ilikuwa ya karani mmoja anaitwa Ryoba. Mtu mnene, anapima huku ameegemeza goti kwenye mizani. Nilihadithia. Injini hawakuitaka hata hawa. Nikawatoa wageni nje. Mkulima mmoja akauliza, hao watu mizani yao ikoje.

Swali gani hilo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikajibu haraka: hawana mizani. Wana mashine inalitazama gunia tu, inasema uzito, na hakuna mtu anayeigusa.

Foleni nzima ilinyamaza. Watu zaidi ya mia, kimya.

"Hapo rudia," akasema yule mkulima.

Nikarudia. Wakaniomba tena. Mwingine akauliza, na akija mtu kuweka goti je. Nikasema mashine inamtaja jina kwa sauti. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sijawahi kupendwa vile. Mara nikaona Ryoba amefunga mizani na anawaonyesha mgambo wawili kwa kidole, na kidole kinanielekea mimi.

Niliwekwa kwenye ghala la pamba kwa saa tatu kwa kosa la uchochezi. Pamba inawasha. Nilipotoka mizani ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu na vibali vimekwisha. Pastory amekaa juu ya magunia yake, haniangalii. Akaja yule mkulima wa swali, akanipa mkono, akasema hata akipunjwa Jumatatu, leo angalau amefika mahali ambapo hapunjwi. Akaondoka anacheka peke yake.

Nimeandika pembeni: wakulima wa Bunda wanapenda mashine. Niongeze maelezo ya mota.

Jumapili, 15 Julai. Butiama.

Sikurudi moja kwa moja nyumbani. Nimeona nipite kwa wakwe niwatulize kuhusu maandalizi. Nilishuka Kiabakari, nikatembea.

Mzee Werema, baba yake Silasi, ni mtu wa ng'ombe wengi na sauti ya chini. Walikuwa wametoka kanisani, wamekaa uani, watu kama kumi na tano. Nilipewa kiti. Akaniuliza maandalizi yanaendaje. Nikasema yanaendelea. Akauliza sukari. Nikasema, ngoja kwanza niwape hadithi.

Niliona nyota hazitawafaa wazee. Nikachagua marehemu. Hadithi sikuwa nayo, nikaitunga papo hapo kwa vitu nilivyoviona njiani, maana jarida moja linashauri mwandishi atazame mazingira. Nilikuwa nimepita kwenye mpaka wa mkonge mchanga, uliopandwa miaka ya karibuni tu, umekatiza shamba la mihogo katikati. Nikauingiza. Mtu amekufa, nikasema. Akarudi kutazama mihogo yake. Akakuta mkonge umehama. Akawa anasimama kwenye mpaka wa zamani kila adhuhuri, anahesabu hatua, na hatua hazitimii.

Uani pakawa kimya. Nikajua nimewashika.

Mama mmoja mwembamba akasogeza kigoda chake mbele. Nilikuja kujua baadaye: anaitwa Boke, mjane wa mdogo wake Mzee Werema.

"Endelea, baba," akasema. "Aliyeuhamisha alikuwa nani?"

Nikasema, kaka yake.

Sijui kwa nini nilisema kaka. Hadithi inataka mtu wa karibu, ndiyo kanuni.

Mzee Werema aliweka kikombe chini taratibu. Akauliza ni nani aliyenituma. Nikasema hakuna. Akauliza kama nimezungumza na mtu yeyote wa boma hili. Nikasema nimefika sasa hivi, kwa miguu. Halafu akasema, kwa sauti ile ile, kwamba suala la harusi inabidi litazamwe upya.

Boke alinisindikiza hadi barabarani. Akasema lile neno limemkaa kooni miaka miwili. Hakuna mtu wa boma lile angethubutu kulitamka, ikabidi litamkwe na aliyekufa. Akanishukuru. Sikumwelewa. Nilikuwa nafikiria nitamwambia nini Tereza.

Jumanne, 17 Julai. Musoma.

Nilimwambia Tereza. Hasemi na mimi. Anaweka chakula mezani kama anamwekea mpangaji.

Mchana Silasi amefika kwa baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi. Amesema baba yake hali chakula vizuri. Anaamini ninaona wafu. Nilimweleza kwamba niliona mkonge tu. Silasi akasema ndivyo alivyomwambia baba yake, na baba yake amejibu kwamba mtu anayeona wafu lazima aseme hivyo.

Getruda alitusikiliza akiwa mlangoni. Hakulia. Alisema, "Baba, nakuomba usihadithie tena kitu chochote mpaka nimeolewa." Nikamwahidi. Ni binti mzuri, ingawa hana upeo wa kisanaa.

Alhamisi, 19 Julai.

Habari zimefika kabla yangu. Nilipotokea tu kwenye foleni, watu walifungua njia. "Pita mbele, mzee." Walikuwa wananipisha bila kunigusa. Muuzaji alinipimia kilo tatu, na hakunitazama usoni.

Sikumwambia mtu kwamba naona wafu. Sikumwambia mtu kwamba sioni. Huo ndio uaminifu, kwa maoni yangu.

Nilipokuwa nafunga mfuko, Susana akanisogelea. Akauliza kwa sauti ndogo kama mama yake amesema chochote.

Nilikusudia kumwambia sijui. Nilimwangalia. Alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Nikajikuta nasema kwamba ndiyo, nimemwona mama yake, na amesema hana kinyongo, alijua ziwa lilichafuka. Susana akainamisha kichwa. Akakaa hivyo. Halafu akashukuru na kuondoka, hata sukari hakusubiri.

Kifuani nilihisi kitu kizito. Nadhani ni kwa kuwa sikunywa chai.

Skolastika alikuwa ameona yote. Alinivuta pembeni, kwenye kivuli cha ukuta. "Danford," akasema, "mimi nikianza nawaambia sikilizeni hadithi. Nikimaliza nawaambia hadithi imekwisha. Mtu anaingia kwa mguu wake na anatoka kwa mguu wake. Huyu umemwingiza, utamtoaje?"

Nikamwambia ana wivu wa kibiashara.

Jioni katekista Bernado amepita nyumbani. Amesema kwa upole kwamba parokia imesikia baba wa bibi harusi anazungumza na marehemu, na kwamba padri hatafungisha ndoa hii mpaka nimekwenda kuonana naye. Tereza, ambaye hajasema na mimi tangu Jumatatu, amesema sasa. Amesema kwa dakika nyingi. Mwisho akachukua zile kilo tatu na kumpelekea Susana. Zote. Na akaniambia kesho niende mwenyewe nikamwambie ukweli.

Ijumaa, 20 Julai.

Asubuhi kwa padri. Alinisikiliza, akasema hilo lina jina rahisi, ni uongo, na akanipa kitubio. Ndoa itafungwa.

Kwa Susana ilikuwa ngumu zaidi. Alikuwa kwenye cherehani. Nilisimama pale mlangoni nikazungumzia hali ya hewa, bei ya uzi, hali ya hewa tena. Mwisho nikasema. Kwamba sikumwona mama yake. Kwamba hakuna niliyemwona maishani mwangu aliyekwisha kufa.

Aliendelea kukanyaga mashine mpaka akamaliza upindo.

"Nilijua," akasema. "Uliponiambia mama amesema hana kinyongo, nilijua. Mama yangu alikuwaga hajui Kiswahili hata neno moja. Kijita tu."

Nikamuuliza kwa nini basi alishukuru.

"Yalikuwa ndiyo maneno yenyewe," akasema. "Hakuna mtu amewahi kuniambia. Nimeyabeba, nikayageuza mwenyewe kwa Kijita."

Nilikaa kidogo kwenye benchi lake. Hakunifukuza. Alisema tu kwamba nisimfanyie mwingine, kwa sababu mwingine anaweza kuamini.

Nimejifunza jambo muhimu: kabla ya kumsemea marehemu, uliza alikuwa anaongea lugha gani.

Jumamosi, 21 Julai. Butiama.

Tumekwenda mimi, Tereza na Skolastika. Skolastika amekuja kwa ombi la Tereza. Nimeambiwa kazi yangu ni moja: kukiri kwa Mzee Werema kwamba mimi ni mwongo wa kawaida, ili moyo wake utulie na harusi iendelee. Nilijiandaa njia nzima. Nilikuwa na maelezo kuhusu ubongo wa binadamu.

Tulipokaribia shamba la mihogo niliona mkonge umeng'olewa. Umelala umenyauka kando ya njia, na kwenye mpaka wa zamani kuna mashimo mapya. Boke alikuwa anapalilia upande wote wa shamba, mpaka mwisho wake. Alipotuona alisimama wima, jembe mkononi, akanitazama. Hakupunga mkono wala hakusalimu. Alinitazama tu.

Mzee Werema alitupokea mwenyewe mlangoni. Amekonda. Tulipokaa hakungoja salamu ziishe. Aliuliza kama yule bwana aliyesimama kwenye mpaka sasa ameridhika.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na sentensi ya kwanza tayari: Mzee, kisayansi, hakuna bwana. Skolastika akanikanyaga mguu. Si kidogo. Huyo mama anabeba ndoo za samaki kutoka Nyegina. Nilipofungua mdomo tena Tereza alikuwa ananitazama, na nyuma yake, mlangoni, Boke amesimama na jembe lake.

Nikafunga mdomo.

Mzee Werema alisubiri. Sisi tulinyamaza. Kuku walipita. Mwisho akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua gunia, akasema, basi, vizuri. Akaita chai. Akamwambia Boke aingie akae. Nikaona kwamba alimsogezea kiti mwenyewe.

Njiani nililalamika kwamba sikupewa nafasi ya kueleza ukweli. Skolastika akasema ukweli ulikuwa umekwisha kupandwa pale shambani. Tereza alicheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Mguu umevimba.

Jumamosi, 28 Julai. Musoma.

Getruda ameolewa. Alipendeza mpaka nikajifanya nina vumbi machoni.

Sukari mimi sikuleta hata gramu. Skolastika ameleta yake. Susana ameleta zile kilo tatu, na kashona gauni la bibi harusi upya kiunoni bila kuambiwa. Boke kaja na asali kwenye debe dogo. Watu wa foleni walikuja wakiwa na vifuko, wengine kijiko kijiko, kwa sababu walitaka kuona wakwe wanaotishwa na mkonge. Chai ilikuwa tamu kuliko ninavyoikumbuka.

Baada ya chakula, wazee wa Butiama wakamwomba Skolastika awahadithie. Akasema, sikilizeni hadithi. Ilikuwa ya mvuvi aliyevua sangara mkubwa sana, akampasua, akakuta ndani yake mlango, na nyuma ya mlango sauti za watu wa nyumbani kwao waliozama zamani, wanapika, wanagombana, wanamwita. Mzee Werema alikuwa ameinama mbele. Ryoba wa mizani angekuwepo naye angeinama. Mimi nilisimama na birika mkononi nikingoja kujua kama mvuvi atafungua. Chai ikapoa. Alipofungua, nilimwona marehemu baba yangu, amekaa pale ndani anatengeneza wavu. Skolastika hakumtaja baba yangu. Hajawahi kumjua.

Akasema, hadithi imekwisha.

Nimefikiria sana kwa nini nilisimama vile na birika. Nimepata jibu. Ni ile sauti yake. Anaipunguza katikati ya sentensi. Ni ufundi tu, mtu yeyote anaweza kujifunza.

Jumanne, 31 Julai. Butiama.

Nimekuja kurudisha masufuria ya wakwe. Mzee Werema ananiheshimu sana, na chumba nimepewa chenye dirisha.

Foleni ya Musoma sina haja nayo tena. Kuna mfanyabiashara karibu na soko amefungua duka lenye sabuni za nje na vitambaa, watu wanakwenda kutazama tu, na wanaotazama hawataki hadithi. Lakini leo nimesikia jambo. Huko Buhemba, si mbali na hapa, wanachimba dhahabu watu wengi, wanachimba bila kujua wapi. Na mtu anayechimba bila kujua wapi ni msikilizaji mzuri sana.

Nimekwisha kuitunga. Mzungu mmoja mpimaji, alikufa zamani, hakumaliza kazi yake. Anasimama kila adhuhuri mahali fulani na kuonyesha chini kwa kidole. Nitawaonyesha mahali. Sitasema mwanzoni kwamba ni hadithi, nimeona hilo ndilo linalopunguza nguvu. Nimechukua tahadhari zote: nimeulizia, na wazee wananiambia wapimaji wa zamani walikuwa wanaongea Kiingereza. Kiingereza ninacho.

Nimeazima baiskeli ya mkwe wangu. Silasi ameniuliza kesho asubuhi naenda nayo wapi. Nimemwambia naenda kuungama.